Mkato mmoja umenitia aibu dukani kwa ami

Assalaam alaykum Somo,

Mimi ni binti wa miaka 24, nipo Chake Chake. Kwetu khasa ni Konde, lakini tangu nimalize kidato cha sita nakaa kwa ami yangu, mwenye duka la spea za pikipiki na vespa. Mchana nakaa kaunta. Usiku, watu wakishalala, najifunza kuandika programu za kompyuta, na huu ni mwaka wa tatu. Mwalimu sina. Nilianza kwa simu, kisha nikadunduliza mpaka nikapata 450,000 nikanunua laptopu iliyokwishatumika. Betri yake imekufa, ukichomoa waya inazima papo hapo. Bando nanunua la usiku kwa sababu ndilo rahisi.

Skuli nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Hesabu niliachana nayo kidato cha nne na sikuililia. Siku ya kwanza nilipomwambia baba kwamba najifunza kuandika kodi (code, yale maandishi ya programu), aliniuliza, "Kodi ya nyumba au ya serikali?" Mpaka leo nikipiga simu Konde ndugu zangu hunicheka kwa hilo.

Nimepitia masomo ya bure ya freeCodeCamp, kisha nikaingia kwenye yale ya CS50 ya Chuo cha Harvard. Wiki ya nne, ile ya kumbukumbu ya kompyuta, ilinitoa jasho. Nikairuka, nikarudi, nikairuka tena. Katika lugha za kuandikia programu, JavaScript naijua kiasi, Python kidogo. Mwaka jana nikamtengenezea ami programu ya madeni. Ami anakopesha sana. Mafundi wote wa Chake wanachukua vitu kwa ahadi ya Ijumaa, na daftari lake lilikuwa limevimba kama mkate wa kumimina. Programu yenyewe si kubwa: unaandika jina, kitu alichochukua, bei na alicholipa, nayo inakwambia nani anadaiwa nini.

Tulifurahi mwezi mzima. Kisha akaja fundi mmoja wa Machomane aliyekuwa anadaiwa 85,000 za kabureta na cheni. Ami akafungua laptopu amwoneshe deni lake. Kioo kikaandika: 85. Fundi akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta, akatoa sarafu ya shilingi 100 akaiweka juu ya kaunta, akasema, "Chenji kanywe kahawa."

Ami hakucheka.

Ilinichukua usiku tatu kupata kasoro ilipo. Mimi nilipokuwa naijaribu nilikuwa naandika 85000, bila ya mkato. Ami huandika 85,000, kama alivyofunzwa skuli. Ile amri niliyotumia kugeuza maandishi kuwa namba, parseFloat, husoma mpaka ikutane na kitu isichokijua. Ikifika kwenye mkato inasimama, inachukua ilichokwishasoma, wala haipigi kelele. Deni zote alizoingiza ami kwa mkono wake zilikuwa zimesinyaa mara elfu. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: toa mikato kwanza, ndipo usome namba.

Lakini Somo, kinachoniuma ni kwamba ule mstari wa parseFloat sikuuandika mimi. Niliuomba kwa ChatGPT, nikaunakili, ukafanya kazi, nikapita. Sikujua unafanya nini. Na haikuwa mara moja tu. Nikiifungua programu ile leo, naona vipande vitatu au vinne ambavyo mtu akiniuliza, nitatazama chini. Ami karudi kwenye daftari lake. Hakunisema hata neno moja, na bora angenisema.

Sasa nimefikiwa na mambo mawili kwa pamoja. Mwaka huu karafuu zimezaa, na baba amenitengea 2,500,000. Anataka nivuke Unguja nikasome stashahada ya kompyuta, miaka miwili. Neno lake ni hili: "Cheti ndicho kitakachoingia ndani kukuombea kazi, wewe utabaki mlangoni." Mimi naona nikienda chuo nimekubali kuwa muda wote huu nimeupoteza. Nitakaa na watoto wa miaka 18 nikifundishwa kuwasha kompyuta.

Jambo la pili, binamu yangu alimwonesha kazi yangu mtu mmoja mwenye ofisi mjini Unguja, wanatengeneza mifumo ya hoteli. Akanipigia mwenyewe. Anasema nije nijifunze kazi miezi sita, bila ya mshahara, nitapewa nauli ya daladala na chakula cha mchana, na "tukiona unafaa tutaangalia". Nianze mwezi ujao, nije na laptopu yangu. Amesema pia tutakaa tuone ile programu ya madeni wao wanaweza kuifanyia nini.

Hapa dukani ami ananilipa 150,000 kwa mwezi, nakula na kulala kwake. Hasemi niende wala nibaki. Mama yeye ananiuliza jambo jengine kabisa, ambalo najua unalijua.

YouTube watu wanasema miezi sita tu inatosha kujifunza na kuajiriwa. Mimi huu mwaka wa tatu na bado nauza plagi. Jee, mimi ni mwandishi wa programu au mnakili tu? Niende chuo, niende ofisini, au nirudi zangu kaunta nikae kimya?

Binti wa Kaunta,
Chake Chake, Pemba

*

Waalaykum salaam, Binti wa Kaunta.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mtoto wa dada yangu, ambaye kazi yake ndiyo hiyo unayoitaka. Nilipofika kwa yule fundi na sarafu yake, akafunika uso kwa mikono miwili. "Na mimi yalinikuta," akasema, "ila yangu ilikuwa mishahara ya watu." Kwa hiyo mengi ya kiufundi utakayoyaona humu ni yake. Ya watu ni yangu.

Nikurejeshee kwanza ulichonambia, nisije nikajibu swali ambalo hukuuliza. Una njia mbili za kuvuka bahari na moja ya kubaki. Chuo unakiona kama kushindwa. Ofisi unaiona kama ndiyo kazi yenyewe. Duka unaliona kama kurudi nyuma. Na chini ya yote hayo kuna lile la usiku tatu, kwamba uligundua hujui kitu ulichokiandika mwenyewe, na tangu siku hiyo kila njia unaipima kwa aibu hiyo. Nimekosea? Kama nimekosea niandikie tena, sichoki.

Tuanze na kunakili. Nilimuuliza mtoto wa dada yangu kama na yeye hunakili, akanicheka. Hunakili kutwa. Zamani walichukua kwenye kurasa za Stack Overflow, siku hizi akili mnemba inawapikia na kuwapakulia. Alichoniambia ni kwamba kuna kuchukua mstari ukapita, na kuna kuchukua mstari ukakaa nao. Wewe ulipita. Kisha ulirudi, usiku tatu, ukakaa nao mpaka ukajua kwamba amri ile inasimama kwenye mkato na kwa nini. Maelezo uliyoniandikia mimi, mtu wa madaftari, nimeyaelewa bila ya kuuliza. Mnakili asingeweza kunieleza hivyo. Lakini umekiri kuwa vipo vipande vitatu au vinne vyengine ambavyo ukiulizwa utatazama chini. Hivyo navyo vinakusubiri, na ukienda chuo, ukienda ofisini, ukibaki, utakwenda navyo.

Yeye alitaja zoezi moja alilokuwa akilifanya alipoanza. Kabla ya kubandika kipande cha mtu, hufunga laptopu, huchukua karatasi, na kuandika kwa Kiswahili kipande kile kinafanya nini, mstari kwa mstari. Akikwama, hakibandiki. Wewe uliyesoma HKL zoezi hili litakukaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye. Na hapa nikuulize, nani alikwambia HKL ni hasara? Umesoma maelezo ya Kiingereza ya mambo magumu peke yako usiku, bila ya mwalimu. Kuna sehemu za mafunzo ya freeCodeCamp zilizokwishatafsiriwa Kiswahili na watu wa kujitolea. Mtu anayejua JavaScript kiasi na Kiswahili barabara hapatikani kila baraza. Sisemi hesabu haihitajiki kamwe. Ipo kazi inayoitaka sana. Lakini madeni ya ami wako ni kujumlisha na kutoa, na kilichokuangusha hapo ni alama ya uandishi.

Sasa swali ambalo mtoto wa dada yangu alinituma nikuulize, na usilichukulie vibaya. Ulipotia ule mstari wa kutoa mikato, ulirudi kuzitazama deni zilizokwishaingia? Kwa sababu kama programu ilihifadhi 85 baada ya kusinyaa, mstari mpya hauwezi kujua kuwa ilikuwa 85,000. Utatibu ya kesho tu. Ya jana lazima uyatoe kwenye daftari moja moja. Kama ulifanya hivyo, umeshafanya kazi ambayo wengi huisahau. Kama hukufanya, basi ami wako ana sababu nzuri zaidi ya kurudi kwenye daftari kuliko ulivyodhani.

Na hilo la daftari umelibeba kizito mno. Nilipokuwa karani wa hesabu, kijana kuliko wewe kidogo, tuliletewa kompyuta ya kwanza ofisini. Mkuu wetu akatulazimisha kuandika kila kitu mara mbili, daftarini na kwenye kompyuta, mwaka mzima. Tulimchukia kwelikweli. Mwezi wa nne hesabu zikatofautiana. Tukakesha. Aliyekosea hakuwa kompyuta, alikuwa mimi, nilijumlisha ukurasa mmoja mara mbili. Tangu hapo sikumchukia tena. Kwa hiyo mtu anayeshika daftari pembeni ya kompyuta sijui kama ni mtu aliyekukatia tamaa. Huenda hajui tu kwamba anaruhusiwa kushika vyote viwili. Sisi wa Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa bila ya umeme kutoka Bara, miezi mitatu ya majenereta na mishumaa. Wenye madaftari waliendelea kudai kama kawaida. Nyinyi Pemba ndiyo mwaka huohuo wa 2010 mkaungwa na waya wa Tanga. Laptopu yako ukichomoa waya inazima, umenambia mwenyewe. Nakala ya madeni iko wapi? Kama jibu ni "humohumo", kanunue flashi kabla hujamaliza kusoma gazeti hili.

Haya, chuo.

Baba yako kasema cheti kitaingia ndani wewe utabaki mlangoni. Wewe umesikia dharau. Mimi nimesikia mtu anayejua jinsi kazi zinavyotolewa hapa kwetu. Kazi ya serikali ina sifa zake zilizoandikwa, na mwenye kuchambua maombi hatafungua programu yako aione, ataangalia kiwango cha elimu. Hapo baba yuko sawa, na visiwani kwetu serikali ni mwajiri mkubwa. Ofisi binafsi ni habari nyengine. Huko watu wengi hutaka kuona ulichotengeneza kwanza. Sijui unataka kipi kati ya hivyo viwili, na katika barua nzima hukusema. Hukusema hata neno kuhusu kazi unayoiota asubuhi ukiamka. Unataka kukaa na wenzako chumba kimoja mtengeneze mfumo mkubwa? Unataka wateja wako mwenyewe? Unataka mshahara wa uhakika mwisho wa mwezi? Jibu la chuo linabadilika kwa kila moja ya hayo.

Hilo la kufundishwa kuwasha kompyuta, umeliona kwenye mtaala au umelidhania? Omba mtaala, wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), wa taasisi ya Karume kule Mbweni, na wa chuo chochote anachokitaja baba, uusome kama unavyosoma kasoro. Utakuta mengine unayajua na utachoka kuyasikiliza, hiyo ni hatari ya kweli, miaka miwili ni mirefu kwa mtu aliyezoea kwenda kwa kasi yake. Mengine utakuta ndiyo yale uliyoyaruka. Wiki ya nne uliyoiruka mara mbili, darasani kuna mtu atakaa mlangoni usiiruke ya tatu. Ulizia pia sifa za kujiunga kabla hujagombana na mtu yeyote, maana aliyesoma mchepuo wa sanaa huenda akaambiwa aanze na kozi ya chini yake, na hapo miaka miwili inaweza kuwa mitatu. Na zile 2,500,000, zikalieni chini wewe na baba kwa kalamu: ada, chumba, chakula, boti ya kwenda na kurudi sikukuu. Zinafika wapi? Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na baba yako analijua hilo kuliko sisi sote. Fedha hiyo si ya kujaribia tu, kwa upande wowote utakaoupeleka.

Kuhusu ofisi nitakuwa mrefu, kwa sababu hapo ndipo moyo wako ulipo. Nimeona umeandika "akanipigia mwenyewe".

Iko faida kubwa ambayo chumba chako cha usiku hakiwezi kukupa. Utasoma kazi ya watu wengine. Utajifunza kutumia Git, chombo cha kuhifadhi kila badiliko la programu, na wenzako, si peke yako, na hiyo ni tafauti kama ya kuvua kwa mshipi na kuvua kwa jarife. Kuna mtu atakutazama juu ya bega akuambie "hapa siyo". Miaka hii yote hakuna mtu hata mmoja aliyeisoma programu yako. Fundi wa Machomane ndiye mkaguzi wako wa kwanza, na alilipwa kwa kicheko.

Lakini piga hesabu. Miezi sita bila ya zile 150,000 za ami ni 900,000 umeziacha. Na hapo hujalipa chumba mjini, hujanywa chai ya asubuhi. Nani atazilipa? Kama ni fedha ya karafuu, basi usinambie kwamba unachagua kati ya chuo na ofisi, unatumia fedha ya chuo kulipia ofisi, na baba ana haki ya kulijua hilo kwa jina lake. Laptopu yenyewe haina betri, na mtu kakwambia uje nayo. Umeme ukikatika ofisini utafanya kazi kwa kitu gani?

Kisha maneno ya mtu huyo. "Tukiona unafaa tutaangalia." Sisemi ni mtu mbaya, simjui, na wapo wengi walioanza hivihivi wakashikwa mkono mpaka wakasimama. Lakini neno hilo halina mpini. Mtu anaweza kukuuliza mambo haya bila ya kukosa adabu, na wewe pia unaweza kumuuliza: nani khasa atakaa na mimi, siku ngapi kwa wiki? Waliokuja kujifunza kabla yangu wako wapi sasa, na naweza kuzungumza na mmoja wao? Baada ya miezi sita, "kufaa" kutapimwa kwa kitu gani? Inaweza kuwa miezi mitatu badala ya sita? Naweza kuanza kwa kazi ndogo nikiwa Chake, nikaituma kwa mtandao, tukaonana baadaye? Yaandikwe kwenye karatasi moja tu, hata kwa Kiswahili cha kawaida. Namna atakavyojibu itakueleza mengi kuliko majibu yenyewe. Na kabla ya kuhamia, nenda ukaione ofisi, ufuatane na binamu yako. Ulale kwa ndugu, urudi. Hayo mama yako hatayapinga, na jambo lake jengine lile litasubiri mpaka boti irudi.

Moja limenikaa rohoni. Ile programu ya madeni "tuone tunaweza kuifanyia nini". Ni ya nani? Umeiandika kwa mikono yako, kwa ajili ya duka la ami yako, ndani yake mna majina ya watu na madeni yao. Wakiichukua wakaiuza kwa maduka mengine, wewe utakuwa nani? Swali hilo huulizwa siku ya kwanza, maana siku ya mia huonekana ugomvi. Na kama umeiweka GitHub, kule mtandaoni watu wanakoweka programu zao, ili watu waione, hakikisha hakuna hata jina moja la mteja humo. Tia majina ya kubuni. Chake ni ndogo, na mtu aliyekopa tairi hakukopa ili dunia nzima ijue.

Duka nalo ulilitaja mwisho kama adhabu. Sina mengi hapo, ila nilijiuliza kama ni duka moja tu linalokopesha Chake Chake. Ukimpa programu muuzaji mmoja mwengine, kwa bei ndogo, huku na yeye akishika daftari lake pembeni, utajua kama inasimama pale wewe usipokuwepo kaunta. Ubaya wake ni kwamba utabaki peke yako vilevile, utapigiwa simu saa tatu usiku kwamba "mfumo umegoma", na kosa lako safari hii litakuwa kwenye fedha ya mtu asiye ami yako.

Na hao wa YouTube na miezi yao sita. Wengi walirekodi wakati makampuni yakiajiri kwa pupa. Tangu mwishoni mwa 2022 makampuni makubwa ya Marekani yamepunguza watu kwa maelfu, na mlango wa wanaoanza ndio uliobana zaidi. Hilo ulijue usije ukajilaumu kwa hali ya soko. Halafu hesabu nyengine. Tuseme unasoma saa mbili kwa usiku, usiku tano kwa wiki, kwa miaka miwili na nusu. Ni kama saa 1,300. Mwenye kusoma kutwa nzima, saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, huyo huzimaliza kwa miezi saba na nusu. Kwa hiyo wewe na huyo wa YouTube mko karibu sana, ila yeye kuna mtu alikuwa anamlipia chakula, na wewe ulikuwa unauza plagi.

Kabla ya yote, mwanangu, ningependa kujua jambo hili. Baba yako ameshaiona ile programu? Katika barua yako yeye ana kicheko cha kodi ya nyumba, ana fedha, ana cheti. Sikuona mahala alipokaa mbele ya kioo. Nenda Konde siku mbili. Mwandikie kitu kidogo cha wachumaji wake: fulani kachuma pishi ngapi, kalipwa ngapi, kabakisha ngapi. Itakuchukua usiku mchache, na usibandike kitu ambacho hukukiandika kwanza kwa Kiswahili. Kisha mpe yeye aandike, na mikato yake, na "elfu" zake, na makosa yake. Kaa pembeni umtazame anapokwama. Mazungumzo ya stashahada baada ya hapo sidhani kama yatafanana na ya kabla yake, ingawa siwezi kukuahidi yatakwenda upande gani. Anaweza kuona huhitaji chuo. Anaweza kuona ndiyo khasa unakihitaji, na wewe ukaona hivyo pia, bila ya kuwa umeshindwa na mtu.

Mwezi ujao ni wa mtu wa ofisi, si wako. Mpigie umwombe wiki mbili zaidi. Akikataa wiki mbili kwa mtu anayemtaka miezi sita bure, niandikie unieleze alitumia maneno gani.

Nisalimie ami. Na hukunambia, yule fundi wa Machomane amezilipa zile 84,900?

Somo